Maswali na Majibu: Kuchambua Umbo na Mbinu za Shairi la Kifaransa

Marudio kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanités, Kisangani

Maswali haya ni ya mwanafunzi anayejiandaa kwa Examen d'État, na ya yule anayetaka kuingia ISP au UNIKIS kusomea Kifaransa. Beti za mifano zimetungwa kwa ajili ya zoezi hili, kwa hiyo usizitafute vitabuni. Zisome kwa sauti, hesabu silabi kwa vidole, kisha ndipo uangalie jibu.

SEHEMU YA KWANZA: KUANZA KAZI

Swali la 1. Mtahini anapouliza kuhusu umbo na mbinu za shairi, anataka nini hasa?

Jibu. Anataka mambo matatu kwa pamoja: jina la kitu ulichokiona, mahali kilipo, na kazi kinayoifanya. Mwanafunzi akiandika tu kwamba kuna métaphore katika mshororo wa tatu, ametaja jina na mahali, lakini kazi hajaisema. Akiandika kwamba shairi linagusa moyo, ametaja kazi bila ushahidi. Katika maswali ya kuchagua jibu, jina sahihi linatosha. Katika swali la kuandika aya, jina pekee ni nusu ya jibu.

Swali la 2. Nikipewa shairi nisilolijua, nianzie wapi?

Jibu. Fuata mpango huu bila kuruka hatua:

a) Soma jina la shairi, la mtunzi, la kitabu na mwaka. Shairi la mwaka 1550 na la mwaka 1950 si la namna moja.
b) Soma shairi zima mara mbili, mara moja kwa macho na mara moja kwa sauti ya chini.
c) Hesabu beti, kisha mishororo katika kila ubeti, kisha silabi katika mshororo.
d) Andika herufi za vina pembeni: A, B, A, B.
e) Pigia mstari maneno yanayorudiwa, picha, na mishororo inayovunja utaratibu.
f) Jiulize: shairi linaanza wapi na linaishia wapi? Nini kimebadilika katikati?

Hatua ya (e) ndiyo yenye alama nyingi. Shairi likishika utaratibu katika mishororo kumi na moja, kisha likauvunja katika wa kumi na mbili, jibu lako liende kwenye huo wa kumi na mbili.

Swali la 3. Ujuzi wa mashairi ya Kiswahili unanisaidia?

Jibu. Unasaidia sana. Kiswahili kilifika Kisangani na wafanyabiashara wa pwani. Stanley alianzisha kituo chake hapa Desemba 1883, na mwaka 1887 Tippu Tip akateuliwa gavana wa Stanley Falls. Kwa hiyo lugha ya Waswahili na ile ya utawala mpya ziliingia hapa karibu wakati mmoja, na mwanafunzi wa leo amerithi zote mbili. Linganisha hivi:

Mshororo wa shairi la kawaida la Kiswahili una mizani 16, nusu 8 na nusu 8. Alexandrin ya Kifaransa ina silabi 12, nusu 6 na nusu 6. Ukwapi na utao vinafanana na hémistiche mbili. Utenzi wenye mizani 8 uko karibu na octosyllabe.

Tofauti ni mbili. Kwanza, shairi letu linadai vina vya kati na vya mwisho, ilhali Kifaransa kinadai vya mwisho tu. Pili, katika Kiswahili kila irabu ina mizani yake, lakini Kifaransa kina irabu e ambayo mara inahesabiwa, mara inatupwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tuanze napo.

SEHEMU YA PILI: KUHESABU SILABI

Swali la 4. E ya mwisho wa neno inahesabiwa lini?

Jibu. Kanuni ni tatu:

– Ikifuatwa na konsonanti ndani ya mshororo, inahesabiwa.
– Ikifuatwa na irabu au h isiyotamkwa, inamezwa.
– Ikiwa mwisho kabisa wa mshororo, haihesabiwi kamwe.

Angalia ubeti huu kuhusu wavuvi wa Wagenia, wanaotega mitego yao mikubwa kwenye maporomoko ya mwisho kati ya yale saba ya Boyoma:

Le fleuve au point du jour réveille ses pêcheurs,
Et l'eau gronde, et les bois tremblent dans la lumière.
La nasse ouvre sa bouche au milieu des clameurs
Et demande sa part au cœur de la rivière.

Mshororo wa kwanza unahesabiwa hivi: Le / fleu / v'au / point / du / jour // ré / veil / le / ses / pê / cheurs. Jumla ni 12. E ya fleuve imemezwa kwa sababu inafuatwa na au. E ya réveille imehesabiwa kwa sababu inafuatwa na ses. Mshororo wa pili unaisha na lumière, na e yake haihesabiwi: lu / mière, basi.

Kumbuka pia kwamba -ent ya kitenzi inafuata kanuni hiyohiyo. Katika tremblent dans kuna silabi mbili za kitenzi, trem / blent, ingawa katika mazungumzo ya kawaida unasikia moja tu.

Swali la 5. Nimehesabu nikapata 11 au 13. Nifanye nini?

Jibu. Usikimbilie kuandika kwamba mtunzi amekosea. Kagua e zako kwanza. Kisha tafuta irabu mbili zilizokutana ndani ya neno, kama katika patience, passion, lion. Mtunzi anaweza kuzitamka pamoja (synérèse) au kuzitenganisha (diérèse). Chukua mshororo huu:

La patience du pêcheur

Ukisoma pa / tience, unapata silabi 6. Ukisoma pa / ti / ence, unapata 7. Kama mishororo jirani yote ina 7, basi hapa kuna diérèse. Na usiishie hapo: neno lenye maana ya subira limerefushwa, msomaji analazimika kukaa nalo. Hiyo ndiyo sentensi ya kuongeza katika jibu.

Swali la 6. Majina ya mishororo nitakayoulizwa ni yapi?

Jibu. Silabi 6 ni hexasyllabe, 8 ni octosyllabe, 10 ni décasyllabe, 12 ni alexandrin. Alexandrin imepata jina lake kutoka Roman d'Alexandre, hadithi ndefu ya karne ya 12 kuhusu mfalme Alexandre. Mishororo yenye idadi isiyogawanyika kwa mbili, kama 5, 7 au 9, inaitwa impairs. Paul Verlaine aliitetea katika shairi lake Art poétique, lililotoka katika kitabu Jadis et Naguère mwaka 1884. Shairi hilo lenyewe lina silabi 9 kwa kila mshororo, yaani mtunzi anatenda analolifundisha.

Swali la 7. Césure ni nini, na nina haja gani nayo?

Jibu. Ni mapumziko ya katikati. Katika alexandrin ya kawaida yako baada ya silabi ya 6. Décasyllabe mara nyingi hugawanyika 4 na 6. Haja yake ni hii: maneno yaliyosimama mbele ya césure na mwisho wa mshororo ndiyo yanayosikika zaidi. Katika mshororo wa kwanza wa ubeti wetu, jour iko kwenye césure na pêcheurs iko mwisho. Siku na watu: shairi zima linakaa hapo.

Watunzi wa karne ya 19 walipenda wakati mwingine kugawa alexandrin mara tatu, 4/4/4. Hii inaitwa trimètre:

Pêcher toujours, lutter encor, chanter demain

Angalia encor bila e. Ushairi unaruhusu tahajia hiyo ili hesabu ikae sawa.

SEHEMU YA TATU: VINA NA BETI

Swali la 8. Nitaje nini kuhusu vina?

Jibu. Mambo matatu: mpangilio, ubora na jinsia.

Mpangilio. AABB ni rimes plates (au suivies). ABAB ni croisées. ABBA ni embrassées.

Ubora. Hesabu sauti zinazofanana, si herufi. Sauti moja ni rime pauvre, mbili ni suffisante, tatu au zaidi ni riche. Pêcheurs na clameurs zinashirikiana sauti mbili, kwa hiyo ni suffisante. Lumière na rivière zinashirikiana tatu, kwa hiyo ni riche.

Jinsia. Kina kinachoisha na e isiyotamkwa ni féminine, kingine ni masculine. Hapa jinsia ya neno katika sarufi haina kazi: clameur ni neno la kike, lakini kina chake ni masculine. Kosa hili hujirudia sana. Ushairi wa zamani ulipokezanisha aina hizi mbili, na ubeti wetu unafanya hivyo.

Swali la 9. Vina vina maana gani zaidi ya kupendeza masikioni?

Jibu. Vinaunganisha maneno mawili na kumwambia msomaji ayasome pamoja. Uliza daima: maneno haya mawili yanakubaliana au yanapingana? Lumière na rivière yanakubaliana, mto unapokea mwanga. Pêcheurs na clameurs yanafunga watu na kelele za kazi yao. Kama mtunzi angeunganisha rivière na cimetière, yaani mto na makaburi, ungekuwa na upinzani wa kueleza. Sentensi ya kwamba vina vinalipendezesha shairi haina alama, maana inaweza kusemwa juu ya shairi lolote.

Swali la 10. Beti zinaitwaje?

Jibu. Mishororo 2 ni distique, 3 tercet, 4 quatrain, 5 quintil, 6 sizain, 8 huitain, 10 dizain.

Sonnet ina mishororo 14: quatrains mbili na tercets mbili. Katika sonnet ya kawaida ya Kifaransa, quatrains zina vina vya ABBA ABBA, na tercets zina CCD EED au CCD EDE. Mtunzi akibadilisha mpangilio huo, sonnet yake ni irrégulière. Mshororo wa mwisho huitwa chute ukileta jambo lisilotarajiwa. Ukipewa sonnet, angalia kwanza mpito kati ya mshororo wa 8 na wa 9, kisha mshororo wa 14.

Swali la 11. Na shairi lisilo na vina wala hesabu?

Jibu. Hilo ni vers libre, na lina umbo vilevile. Badala ya kuhesabu silabi, tazama urefu wa mishororo, marudio, nafasi tupu na alama za uandishi. Mshororo mrefu unaopita upana wa ukurasa na kufanana na aya fupi ni verset, umbo alilolitumia sana Léopold Sédar Senghor. Usiandike kamwe kwamba shairi halina umbo.

Swali la 12. Enjambement, rejet na contre-rejet vinatofautianaje?

Jibu. Enjambement ni sentensi kupita mwisho wa mshororo na kuendelea katika unaofuata, kile ambacho katika ushairi wetu huitwa mishata. Kama kipande kifupi tu ndicho kimetupwa mwanzo wa mshororo wa pili, hicho ni rejet. Kama sentensi mpya inaanza kwa kipande kifupi mwishoni mwa mshororo, kisha inaendelea katika ufuatao, hicho ni contre-rejet. Mfano ni mtumbwi unaovuka kwenda Lubunga:

La pirogue s'en va vers l'autre rive, et glisse
Sans bruit. Le soir descend sur la ville complice.

Sans bruit ni rejet. Jicho linaruka mstari, sauti inasimama, na kimya kinachotajwa kinasikika kweli. Ongeza kwamba sauti s inarudi katika s'en, glisse, sans, soir, descend, sur na complice: hiyo ni allitération, na inasaidiana na rejet.

SEHEMU YA NNE: SAUTI NA TAMATHALI

Swali la 13. Allitération na assonance?

Jibu. Allitération ni kurudiarudia konsonanti. Assonance ni kurudiarudia irabu. Zote mbili husikika, kwa hiyo fuata matamshi: ph na f ni sauti moja, c na s zinaweza kuwa sauti moja. Usitaje allitération kwa sababu umeona konsonanti mbili tu, kwani Kifaransa chochote kina s nyingi. Taja pale ambapo sauti imejaa kuliko kawaida na inashirikiana na maana.

Swali la 14. Nipe tamathali za lazima, kila moja na mfano mfupi.

Jibu.

– Comparaison (tashbihi): ina kiunganishi kama comme, tel, pareil à. L'eau brille comme un couteau.
– Métaphore (sitiari): haina kiunganishi. L'eau, ce couteau.
– Personnification (tashihisi): kisicho mtu kinatenda kama mtu. Le fleuve réveille ses pêcheurs.
– Anaphore: neno lilelile mwanzoni mwa mishororo au sentensi zinazofuatana.
– Antithèse: mawazo mawili yanayopingana yamewekwa karibu. Le jour donne, la nuit reprend.
– Oxymore: maneno mawili yanayopingana yamefungwa pamoja. Un bruyant silence.
– Chiasme: mpangilio unaogeuka msalaba. Le jour est long, longue est la nuit.
– Métonymie: kitu kinatajwa kwa kile kinachohusiana nacho. Tout Kisangani est descendu au port, yaani watu wa Kisangani.
– Synecdoque: sehemu inasimama badala ya kitu kizima. Dix rames remontent le courant, yaani mitumbwi kumi.
– Hyperbole (mubalagha): kukuza kupita kiasi.
– Litote: kusema kidogo ili kueleza kingi. Ce courant n'est pas faible.
– Gradation: kupanda au kushuka hatua kwa hatua. Une goutte, un filet, un torrent.
– Apostrophe: kumwita mtu au kitu moja kwa moja. Ô fleuve!

Swali la 15. Je, kila comme ni comparaison?

Jibu. Hapana. Comme inaweza kuonyesha sababu au wakati: Comme il pleuvait, le passeur attendait. Hapo hakuna picha. Comparaison inahitaji vitu viwili na sifa inayoviunganisha. Katika L'eau brille comme un couteau, vitu ni maji na kisu, na sifa ni kung'aa. Kisha endelea: kisu kinakata, kwa hiyo picha inatangaza pia hatari. Hiyo ndiyo hatua ambayo wanafunzi wengi huiacha.

Swali la 16. "Je" katika shairi ni mtunzi?

Jibu. Usidhani hivyo. Tumia le poète kwa mtu aliyetunga, na le locuteur au le je lyrique kwa sauti inayosema ndani ya shairi. Tazama pia anayesemeshwa: tu, vous au nous. Mabadiliko kutoka je kwenda nous ni tukio kubwa, kwa sababu huzuni ya mmoja inakuwa ya wengi.

SEHEMU YA TANO: WATUNZI UTAKAOKUTANA NAO

Swali la 17. Umbo linafanya kazi gani katika Demain, dès l'aube ya Victor Hugo?

Jibu. Shairi limo katika Les Contemplations (1856). Lina quatrains tatu za alexandrins zenye rimes croisées. Binti wa Hugo, Léopoldine, alizama maji huko Villequier mwaka 1843. Msomaji anaamini kwanza kwamba msemaji anakwenda kumwona mtu aliye hai, maana vitenzi viko katika wakati ujao na anayesemeshwa ni tu. Mishororo ya mwisho ndiyo inayofunua kwamba safari inaishia kaburini. Utaratibu wa beti unalingana na hatua za mtu anayetembea bila kusimama. Usifunue kaburi katika sentensi ya kwanza ya jibu lako. Onyesha kwanza jinsi shairi linavyoficha.

Swali la 18. Na Le Dormeur du val ya Arthur Rimbaud?

Jibu. Ni sonnet ya mwaka 1870, wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prusia. Rimbaud alikuwa na miaka takriban 16. Quatrains zake zina rimes croisées na vina vinabadilika kutoka ya kwanza hadi ya pili, kwa hiyo ni irrégulière. Askari anaelezwa kama mtu aliyelala kwenye majani mabichi, chini ya jua. Chute inaonyesha kwamba ameuawa. Rejets nyingi zinavunja alexandrin, kana kwamba kuna kitu hakiko sawa katika utulivu ule. Usomapo tena, ishara za kifo zimo tangu katikati: weupe wa uso, baridi, pua isiyosikia harufu. Mji huu uliona majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana ndani yake kwa siku sita mwezi Juni 2000, na mwanafunzi wa hapa ataelewa haraka kwa nini mtunzi hakupaza sauti.

Swali la 19. Watunzi wa Afrika na wa Antilles wanachambuliwa kwa vifaa vilevile?

Jibu. Kwa vifaa vilevile, ila uzito unahama kutoka hesabu kwenda kwenye marudio na mwito. Kumbuka hawa:

– Aimé Césaire, Cahier d'un retour au pays natal, toleo la kwanza 1939. Anaphore ndiyo uti wa mgongo wake.
– Léopold Sédar Senghor, Chants d'ombre, 1945. Tafuta verset na apostrophe.
– David Diop, Coups de pilon, 1956. Katika shairi Afrique, jina la bara linarudiwa kama mwito, na shairi linakuwa mazungumzo ya swali na jibu.
– Antoine-Roger Bolamba, mhariri mkuu wa La Voix du Congolais. Kitabu chake Esanzo kilitoka Présence Africaine mwaka 1955, na dibaji yake iliandikwa na Senghor.
– Clémentine Nzuji (Faïk-Nzuji), mwandishi wa Murmures (1968), aliyechunguza pia kasala, ushairi wa sifa wa Waluba.

Swali la 20. Je, Patrice Lumumba anahesabiwa kati ya watunzi?

Jibu. Ndiyo, na Kisangani inahusika. Lumumba alifanya kazi ya posta hapa, mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville. Mwaka 1959 shairi lake la Kifaransa lilichapishwa katika Indépendance, gazeti la chama chake cha MNC. Mbinu yake kuu ni apostrophe: anamwita ndugu yake Mweusi na kumwambia tu. Shairi linakwenda kutoka mateso ya zamani hadi ahadi ya uhuru, kwa hiyo antithèse kati ya wakati uliopita na ujao ndiyo inayolibeba. Ukiulizwa, usiandike historia ya Lumumba ukurasa mzima. Mtahini wa Kifaransa anataka shairi.

SEHEMU YA SITA: KUANDIKA JIBU

Swali la 21. Nionyeshe jibu baya na jibu zuri kwa Kifaransa.

Jibu. Tumia ubeti wa Wagenia. Jibu baya:

Il y a une personnification au vers 3. C'est très beau.

Jibu zuri:

Le poète personnifie la nasse, qui « ouvre sa bouche » et « demande sa part » (v. 3-4). L'outil de pêche devient un être affamé : à travers lui, c'est la faim des pêcheurs qui parle. L'alexandrin régulier donne à cette demande la gravité d'une prière.

Hesabu hatua za jibu la pili: jina, maneno ya shairi ndani ya alama « », namba ya mshororo, maana, kisha uhusiano na umbo. Ni sentensi tatu tu.

Swali la 22. Vitenzi gani vinanisaidia nisirudie montre que mara kumi?

Jibu. Souligne, suggère, renforce, oppose, met en valeur, ralentit, accélère, crée un effet de, traduit. Chagua kwa maana: rejet met en valeur neno, diérèse ralentit, oxymore oppose.

Swali la 23. Makosa gani yanapoteza alama bure?

Jibu.
– Kuita mshororo phrase, au kuita ubeti paragraphe.
– Kuhesabu e ya mwisho wa mshororo.
– Kusimulia shairi kwa maneno mengine na kuita hiyo analyse.
– Kugawa jibu mara mbili, umbo upande huu na maana upande ule, bila kuviunganisha.
– Kutaja tamathali kumi bila kueleza hata moja. Nne zilizoelezwa vizuri zinazidi kumi zilizotajwa.

SEHEMU YA SABA: JIPIME

Soma ubeti huu, jibu peke yako, kisha linganisha.

Le toleka part en chantant,
Route rouge, route dans l'ombre ;
Son cœur bat, tambour du jour sombre.
Comme le fleuve, il va devant.

Swali la 24. Mshororo ni wa aina gani? Thibitisha kwa mshororo wa 2.

Jibu. Octosyllabe: rou / te / rou / ge / rou / te / dans / l'ombre. E tatu zimehesabiwa kwa sababu zinafuatwa na konsonanti, na ya nne imeachwa kwa sababu iko mwisho.

Swali la 25. Eleza vina.

Jibu. ABBA, embrassées. Chantant na devant zinashirikiana sauti moja tu: pauvre, masculine. Ombre na sombre zinashirikiana tatu: riche, féminine. Giza limefungwa katikati, na mwendo uko nje, mwanzo na mwisho.

Swali la 26. Taja tamathali nne.

Jibu. Métonymie: toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria, inasimama badala ya tolekiste anayeiendesha. Marudio: route mara mbili. Métaphore: moyo ni tambour, bila comme. Comparaison: comme le fleuve.

Swali la 27. Andika sentensi mbili za Kifaransa kuhusu mshororo wa 2.

Jibu linalokubalika. La répétition de « route » et l'allitération en r imitent le tour régulier des roues. L'absence de verbe supprime toute action : il ne reste que le chemin à parcourir.

Kama jibu lako lina jina, nukuu na kazi, limepita hata kama maneno yake ni tofauti na haya. Kama halina kazi, liandike upya leo, kabla ya kugusa somo lingine.